Kutoka kwa Tausi

Kama wiki iliyopita hukunisoma, nikuibie siri kwa ufupi, usije ukaingia harusini bila kujua bibi harusi ni yupi. Mimi ni mke wa mpima ardhi. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vioo. Yeye hushinda porini na vigingi vyake, mimi nashika simu, mihuri na kompyuta. Tulikuwa wawili tukatosheka, mpaka alipomwajiri Mchoraji, binti wa vidole virefu na kicheko kifupi, aje atuchoree ramani.

Tangu siku hiyo sikula nikashiba. Nimenusa mashati. Nimepekua mifuko ya suruali. Nimemfuata yule binti hadi saluni, nikajikuta nimekalishwa kwenye beseni naoshwa nywele bila kupenda. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sketi zangu zote zilikuwa zinanipwaya.

Nikaishia pale programu ya barua pepe ilipogoma kutuma, nikamwita fundi wa kompyuta. Fundi akabofya kishale kidogo kwenye mstari ulioandikwa "Kutoka", na orodha ikashuka. Juu kabisa anwani ya ofisi. Chini yake anwani ya ramani. Na chini yake nyingine, ambayo macho yangu hayakuwahi kuiona.

Ilianza na neno Tausi.

Tausi ni mimi. Ndivyo mume wangu alivyokuwa akiniita enzi za uchumba, mbele za watu, bila haya. Hata kwetu walijua. Aliacha lini, sijui. Mapenzi hayagongi kengele yanapotoka. Siku hizi mimi ni "mama watoto, soksi zangu ziko wapi?"

"Fundi, hii ya tatu ni ya nani?"

"Hiyo? Ni lakabu tu, mama. Sanduku la barua ni lilelile moja, ila lina majina matatu. Ukitaka kutuma unachagua hapa utoke kwa jina gani. Anayepokea hajui kama mkono ni uleule."

"Nani kaiweka?"

"Mzee mwenyewe aliniomba. Zamani kidogo, kabla hata huyu dada wa ramani hajaja."

Sikiliza hapo, msomaji. Kabla ya Mchoraji! Mwenye akili zake angelikamata neno hilo kama aliyetupiwa kamba kisimani. Mimi liliingia sikio hili likatokea lile. Wivu ukishakaa kichwani huwa hauna habari na kalenda.

"Na majibu yake yanaingia wapi? Mbona sijawahi kuyaona?"

Fundi akajikuna shingo. "Yanaingia humuhumu. Ila aliweka amri. Barua ikija kwa jina hilo inapelekwa kwenye simu yake, na hapa inafutwa. Hata anazotuma, nakala zinabaki kwenye simu."

"Iondoe hiyo amri."

"Mama, mimi na Mzee tunaheshimiana..."

"Na mimi hatuheshimiani?"

Akaiondoa. Kisha akakumbatia begi lake akashuka ngazi mbilimbili, kama mtu aliyesikia harufu ya gesi.

Nikabaki na ile skrini. Kumbe jina langu bado linatumika, ila si kwangu. Limepewa mwingine. Mtu anaweza kukuibia kanga ukanunua nyingine, lakini akikuibia jina ulilobembelezewa, utalipata duka gani?

Chumba cha pili Mchoraji alikuwa anaimbaimba huku anachonga penseli.

Nikafungua barua mpya. Kwenye "Kutoka" nikachagua Tausi. Kwenye "Kwa" sikujua niandike nini, nikawa najaribu herufi moja baada ya nyingine. Programu ile ina kumbukumbu kuliko mama mkwe. Nilipobonyeza M, ikanitolea yenyewe anwani iliyowahi kuandikiwa: Mbalamwezi, na tarakimu fulani mbele yake.

Nikanyoosha shingo mlangoni. Mchoraji alikuwa amevaa hereni za mwezi mwandamo.

Ushahidi gani tena nilitaka?

Nikaandika kwa mkono wa mume wangu: "Mpenzi, mke wangu ameanza kushtuka. Usinijibu huku. Tuonane leo saa saba, mgahawa ulio mkabala na ofisi, tuyamalize." Nikabofya Tuma kabla ya moyo kuniuliza swali.

Saa saba nilikuwa mgahawani, meza ya nyuma, nimejifunika gazeti. Si nikamwona anaingia! Ramani imeviringishwa kwapani, hereni zinacheza. Akakaa dirishani akawa anautazama mlango kama mtu anayemngoja mtu.

Nikainuka.

"Unamngoja nani?"

"Ah, mama! Shikamoo. Namngoja mtu."

"Mtu huyo hana jina? Au wewe ndiye mwenye majina mengi? Mbalamwezi, umekuja tuyamalize?"

"Tuyamalize yapi, mama?"

"Usijifanye kiziwi! Mume wangu unamtakia nini, na ujana wote huo? Mashamba yameisha mpaka uje kulima bustani ya mwenzio?"

Vijiko vikanyamaza mgahawa mzima. Mhudumu akaganda na birika hewani.

Mchoraji alinitazama, na kwanza nilidhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka.

"Mzee? Mama, Mzee jina langu halijui. Toka nimeanza kazi ananiita 'wewe wa ramani'. Juzi kaniita kwa jina la paka wenu."

Meza ya jirani mtu akapaliwa na chai.

Hapo akaingia kijana mwenye mabega ya kuzuia mlango, ovaroli ina grisi mpaka kwenye kola. Akamwekea Mchoraji mkono begani. "Vipi, mpenzi, kuna nini?"

"Huyu ndiye mtu wangu," Mchoraji akaniambia. "Anatengeneza lifti jengo la pili. Kila siku tunakula hapa." Akamgeukia. "Mama wa ofisini anasema nimemwibia mume."

Laiti yule kijana angenitukana. Alinivutia kiti. "Mama, kaa unywe maji."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke mzima wa mpima ardhi, na hata ardhi ilinikatalia.

Mchoraji akachomoa ufunguo wa ofisi kwenye kishikio chake, akauweka kando ya bakuli la sukari. Kicheko kilishamwisha. "Mwambie Mzee ramani ya kiwanja cha shule imebaki mpaka wa kusini. Atafute wa kuimalizia. Mimi kazi naipenda, lakini siwezi kukaa ninanuswa kama nyama ya jana."

Nilipanda ngazi za ofisi nikishika ukuta. Nikakaa mbele ya kompyuta ili nisikae mbele ya watu.

Na kwenye kikasha, kwa kuwa ile amri haikuwepo tena, palikuwa na jibu. Limetoka kwa Mbalamwezi.

"Shemeji,

Kumbe ni wewe. Muda wote huu ni wewe! Yale niliyoyaandika nilimwandikia mdogo wangu. Hayakuwa ya macho yako. Nakuja."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa.

Duniani yuko mwanamke mmoja tu anayeweza kumwita mume wangu shemeji na kuniita mimi mdogo wake. Ni dada yangu, mtoto wa mama mmoja na baba mmoja. Nami sijasema naye tangu harusi yangu.

Nikueleze, maana hili sijalisema katika wiki zote tulizokuwa pamoja. Mpima alipokuja kwetu mara ya kwanza, alikuja kupima kiwanja cha baba. Aliyempokea ni dada. Aliyemshikia utepe siku nzima juani ni dada. Kila mtu nyumbani alijua kijana anarudi kwa ajili ya nani, hata vigingi vilijua. Kisha nikafunga shule nikarudi, na Mpima akaanza kuchelewa kuondoka kwa sababu nyingine.

Sikumpora. Lakini sikukataa pia. Siku ya harusi dada alipika, akahudumia, akaosha vyombo, kesho yake akapanda basi kwenda kufanya kazi ya uuguzi mji wa mbali. Hakuolewa. Alinipigia mara kadhaa, sikupokea. Watu hudhani anayeshinda haoni wivu. Nani kawadanganya? Aliyeshinda ndiye asiyelala, maana anajua kilivyochukuliwa na anajua kinavyoweza kurudi.

Jioni mume wangu aliingia na matope magotini, ile miguu mitatu ya kifaa chake ikigongana na mlango. Watoto walikuwa nje wanacheza. Nilikuwa sebuleni, nimeichapa ile barua kwenye karatasi, nimeiweka mezani.

"Mama watoto, huyu wa ramani kanipigia simu analia. Umemfanya nini?"

"Soma hiyo."

Akasoma. Rangi ikamtoka kuanzia masikioni.

"Nani kaandika kwa anwani ile leo?"

"Mimi. Wewe umeandika muda wote huu kwa jina langu, mimi nimeandika mara moja tu kwa jina lako. Nani anamdai mwenzake?"

Akakaa na viatu vyake vya matope juu ya zulia, nami sikumgombeza, ujue tu mambo yalifika wapi.

"Mama yako ndiye aliyeniomba," akasema. "Tulipokwenda kumwona, wewe uko jikoni, akanishika mkono akasema, 'Baba, nipatanishie wanangu kabla sijafumba macho.' Nikajaribu kukugusia. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia akimtaja tena dada nyumbani kwangu atalala ofisini.

"Basi nikaona, nyinyi wote wawili ni wakaidi, na mama hana muda. Nikamwomba fundi anwani, nikaipa jina ambalo dada yako angelijua. Nikamwandikia kama wewe. Nikamwambia tusipigiane simu kwanza, tuandikiane mpaka mioyo izoee. Nilidhani baada ya barua mbili tatu nitakukalisha nikuambie."

"Na kwa nini hukuniambia?"

Akaanza kubandua matope magotini.

"Dada aliniandikia nini, baba watoto?"

"Hayo si yangu kuyasema."

"Ni ya nani basi? Ni yangu! Yameandikwa kwangu! Lete simu."

Akaitoa mfukoni, akafungua panapostahili, akanikabidhi. Akaenda kukaa uani, na mimi nikasoma.

Msomaji, nilijiandaa kukuta matusi ya mapenzi. Sikukuta. Nilikuta dada zangu wawili. Mmoja ni dada yangu wa kweli, anasimulia wodi yake, mafuta yanavyoadimika mjini kwake, goti linalomsumbua akipanda ngazi. Wa pili ni Tausi. Yule Tausi alimpa pole ya goti. Alimkumbusha tulivyokuwa tunagombea upande wa ukutani kitandani. Alimwomba radhi kwa simu zote ambazo hazikupokewa, kwa maneno ambayo mimi nisingeyapata hata kama ningefungiwa chumbani na kamusi.

Hapo ndipo wivu uliponishika upya, na safari hii ulikuwa wa aina nisiyoijua. Nilimwonea wivu Tausi. Alikuwa na jina langu, mume wangu, utoto wangu, lakini alikuwa na moyo mpana kuliko wangu. Mume wangu alimtunga mke, akamtunga mwema. Je, kila alipoingia nyumbani akanikuta mimi, alikuwa anasikitika?

Katikati nikafika pale dada alipoandika: "Nikuambie ukweli mdogo wangu, kwa kuwa umenisamehe. Sijawahi kumtoa moyoni. Namwomba Mungu anitoe mimi kabla sijawakosea."

Jibu la Tausi lilikuwa hili: "Moyo hauna kosa, dada. Mwenye kosa ni mkono, na wako umekaa mbali."

Nikaenda uani na simu mkononi.

"Uliposoma hapa ulijisikiaje?"

Hakujifanya hajui ni hapa wapi. "Niliogopa."

"Uliogopa, lakini ukaendelea kuandika."

"Mama yako alikuwa anauliza kila wiki."

Nilirudi ndani nikasoma mpaka barua ya mwisho, iliyozungumzia dawa za macho za mama. Hakuna zaidi. Niliilaza simu kifuani, na nitakuambia ukweli: nilianza kulainika. Nilijisemea, mwanamume gani angejisumbua hivi kwa ajili ya mkwewe? Asubuhi nilimchemshia maji ya kuoga, jambo nililoliacha siku nyingi. Nikamwambia, "Dada akija, nitampokea mwenyewe." Akanishika kidole kimoja, kama zamani. Akasema, "Asante, Tausi."

Sikupenda alivyolitamka. Lakini nikaenda kumtafutia taulo.

Dada alifika mchana wa siku hiyohiyo, watoto wakiwa shule. Mume wangu hakwenda porini. Teksi ilisimama, nikasikia mlango wake unafungwa, nikamtangulia mume wangu barazani.

Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zimeingia mvi mbele. Goti lilimsumbua kweli, alipanda kizingiti kwa mkono. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea.

"Karibu, dada."

"Asante, mdogo wangu." Sauti ileile. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio, kisha akaniachia akamtazama mume wangu nyuma yangu. Hakumsalimia.

"Kaa, nikuletee maji."

"Maji baadaye. Kwanza niambie. Amekuonyesha nilizomwandikia, na alizoniandikia?"

"Amenionyesha. Nimezisoma zote."

"Zote?"

"Mpaka ya mwisho. Ile ya dawa za macho za mama."

Dada akatikisa kichwa polepole. "Hiyo si ya mwisho."

Nikageuka. Mume wangu alikuwa anatazama kucha zake.

"Shemeji," dada akasema, "ya kwako umeifuta. Ya kwangu ninayo." Akafungua mkoba akatoa simu yake, akapekua kidogo, akamnyooshea. "Isome. Uliiandika kwa jina la mdogo wangu, sasa isome kwa sauti yako. Akisikia kwa mdomo wangu atasema nina wivu."

"Dada, tafadhali, tukae kwanza tuzungumze kama watu wazima..."

"Soma!"

Hiyo haikuwa sauti ya dada. Ilikuwa yangu.

Mume wangu akaishika ile simu kwa mikono miwili. Akakohoa. Akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

"'Dada yangu, leo nikufungulie moyo kama ulivyonifungulia. Mimi na huyu mume tumeshamalizana, ila hatujawatangazia watu. Tunaishi kama wapangaji. Nimechoka, mwezi ujao nahamia kwa kaka. Sina kinyongo na mtu tena...'"

Akakwama.

"Endelea," dada akasema.

"'Kama bado yumo moyoni mwako kama ulivyoniambia, njoo. Nakuachia kwa radhi yangu. Nisingependa awe na mwingine ila wewe. Ni mimi, mdogo wako, Tausi.'"

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha.

Nimetalikiwa mimi, na talaka nimeiandika mwenyewe. Nimempa dada yangu mume, kwa maneno matamu, na sikuwepo.

"Mama watoto, sikiliza," mume wangu akaanza. "Siku ile ulikuwa umenitukana kwa ajili ya yule wa ramani, nilikuwa na hasira, nikaandika, nikatuma, halafu nikajuta..."

"Usiniite mama watoto. Usiniite na lile jingine. Usiniite chochote."

Nikamgeukia dada. Bado alikuwa amesimama karibu na mlango, na ndipo nilipoona nyuma yake barazani palipokuwa na vitu alivyoshusha kwenye teksi. Si begi la mtu anayekuja kusema neno moja na kurudi. Sanduku kubwa, kapu la vyombo, na godoro limefungwa kwa kamba.

"Nisikudanganye," dada akasema kwa sauti ndogo. "Ile barua ya jana ilinikuta nimeshafunga mizigo. Chumba nimeshakirudisha kwa mwenye nyumba."

"Na ulipojua ni yeye aliyeandika, si mimi," nikamwuliza, "mbona hukuifungua mizigo?"

Dada alifungua mdomo. Akamtazama mume wangu, mara moja tu, haraka. Kisha akainama, akaanza kuifunga kamba ya kiatu chake, na ile kamba haikuwa imefunguka.